Kasoro kusilimu

Siku tuliyomzika fundi seremala wa mtaani kwetu, Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nilisikia neno moja likirudiwa na watu wasiopungua watano: "Huyu bwana alikuwa Muislamu, kasoro kusilimu tu." Wa kwanza kulitamka alikuwa baba yangu mzazi, amesimama na wazee wenzake nje ya Kanisa Kuu la Anglikana, karibu na yale masanamu ya watumwa waliofungwa minyororo shimoni. Ndani misa ilikuwa imeshaanza. Wazee wetu hawakuingia, ila hawakuondoka pia. Walisimama juani na kofia zao mpaka sanduku likatoka, huku watalii wakiwapita, tiketi mkononi, hawajui kama pale pana msiba.

Lilisemwa kwa mapenzi, hilo silipingi, na msibani mimi sibishani na mtu. Lakini arobaini imepita na neno lile bado limenikaa kooni kama mwiba wa changu, basi leo nalitoa.

Mimi ni Muislamu. Marehemu nilimwita Ami kwa kuwa Baba akimwita ndugu yangu, na likizo za skuli nilikuwa nikimshikia mbao. Kanisani walisoma wasifu wake: amebatizwa lini, amekuwa mzee wa kanisa miaka mingapi, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Yote sawa. Sisi wa nje tulikuwa na wasifu wetu, na ndio huo unaonikera, maana ndani yake hakuna Mkristo. Tulichukua kila alichofanana nasi tukakisifu, tulichokuwa hatukielewi tukakiacha.

Chukua habari ya adhana, ambayo mtaa mzima unaijua. Ikiadhiniwa Magharibi, nyundo ya Ami inanyamaza. Hangoji mwadhini afike katikati. Takbira ya kwanza tu, patasi inawekwa chini, maranda yanafagiliwa, mlango wa karakana unarudishwa. Pengine yuko katikati ya kuchonga ua kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango unaobeba nakshi, na anayeijua kazi ile anajua kwamba ukiliacha ua nusu, mkono wa kesho haufanani na wa leo. Aliliacha. Wazee wa barazani wakimtolea mfano vijana wenye maredio: mtazameni Mkristo anavyoiheshimu adhana, nyinyi Waislamu wa wapi?

Juzi nilikwenda kuwajulia hali watoto wake, na katika kukumbukana nikamsimulia hilo binti yake mkubwa. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Kaka, ile ilikuwa saa ya Baba." Jua likizama ndio wakati wa sala ya jioni kwao: mshumaa, zaburi, watoto mkekani, mama yao kitini. Mzee havai saa kwa kuwa inakwaruza mbao, basi mwadhini wetu ndiye aliyekuwa akimwita kwenye sala yake. Miaka yote hiyo sisi tunadhani anatunyamazia sisi, kumbe mwenzetu anakwenda kusali.

Sisemi kwamba adabu kwetu hakuwa nayo. Jeneza la msikiti lilipokatika mguu, yeye ndiye aliyelitengeneza, na ujira akakataa. (Huku kwetu jeneza ni lile la msikitini, linapeleka maiti kaburini na kurudi, Wakristo huzikwa na sanduku. Ami akipenda kututania kwamba jeneza letu linamnyima riziki, moja tu linatosha mtaa mzima kwa miaka mia.) Mbuzi wa Krismasi alikuwa akichinjwa na Baba, kila mwaka. Wakati ule wa 2013, kule Bara watu walipogombana juu ya nani achinje nyama, sisi tulijiona tumestaarabika kweli kweli, tukasema Ami anaiheshimu halali. Nilipomuuliza mwenyewe akanishangaa. Alisema Krismasi bila mgeni mezani si Krismasi, na wageni wake ni sisi, sasa atupikie kitu tusichokila? Halali ilikuwa ni habari yetu. Yeye alikuwa akiisherehekea sikukuu yake inavyotakiwa.

Malaika hakuwa. Hasira zake zilikuwa karibu, na ukimkatia mbao sentimita moja pungufu atakutolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Halafu jioni anakuja mpaka mlangoni kuomba radhi, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi, kwa sababu anakuomba radhi mbele ya mama yako. Nilipoharibu kipande cha mti wa mfenesi alichokihifadhi kwa miezi, alinitukana asubuhi, na jioni akaja kunipoza na hadithi ya nguzo za Kanisa Kuu, ile wanayosimuliwa watalii: kwamba Askofu Steere, aliyelijengesha, alisafiri kidogo, kurudi akakuta mafundi wamezisimamisha nguzo kichwa chini miguu juu. Akaziacha vilevile. "Na kanisa limesimama mpaka leo," akanambia, "lakini wewe si fundi wa Askofu, kesho upime mara mbili."

Sasa nije kwenye yale tuliyokuwa hatuyataji. Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na hoteli zikawa zinazidi kuota, kila mmoja alitaka mlango wa Kizanzibari. Mwenye hoteli mmoja alimtaka Ami amfungie milango yake Jumapili, Jumatatu wageni wanaingia. Ami akamwambia atafanya kazi Jumamosi mpaka usiku wa manane, au ataanza Jumatatu kabla ya alfajiri, Jumapili hapana. Kazi akapewa fundi mwingine. Zilikuwa pesa nyingi, na wakati ule ana watoto wawili wanaodaiwa ada. Barazani hatukusema ni Muislamu kasoro kusilimu. Tulisema Ukristo umemzidi.

Mkewe alipopigwa na kiharusi tulisema mengine. Miaka sita yule mama hakusimama. Ami alimwogesha, alimlisha, alimtengenezea kiti cha mninga akakifunga magurudumu ya baiskeli ya mtoto, na kila Jumapili ukikisikia kinagonga kwenye mawe ya vichochoro vyetu unajua wanakwenda kanisani. Nywele alimsuka mwenyewe. Alisuka vibaya sana, mistari inakwenda upande kama dau lililokosa msukani, na bibi anajitazama kwenye kioo, nusu ya mdomo inacheka. Wazee wa mtaa, kwa nia njema kabisa, walimfuata wakamshauri aongeze mke wa kumsaidia. Hakukasirika. Aliwajibu kwamba aliapa mbele ya altare, katika afya na katika ugonjwa, na kwamba siku ile anaapa hakuwa anaujua ugonjwa, sasa ndio anaujua. Wale wazee walirudi barazani wanatikisa vichwa. Mtu aliye Muislamu kasoro kusilimu, sijui alikuwa anajibu nini pale.

Kisha ikaja habari ya kijana wake wa pili, ambayo mtaani tunaisema kwa kunong'ona, na ameniruhusu mwenyewe niiandike. Alimpenda msichana wa Kiislamu, akasilimu, akamwoa. Baadhi yetu tulidhani Ami atafurahi, yeye si karibu yetu? Hakufurahi. Nikahani hakwenda. Wiki mbili hakuonekana barazani na nyundo haikusikika, na mwenye macho aliona kwamba mtu huyu amefiwa na kitu. Dini yake haikuwa nguo ya Jumapili hata mwanawe akiivua aone sawa tu.

Wiki ya tatu nyundo ikarudi. Alikuwa anatengeneza samadari, kitanda kizima cha mbao ngumu, miguu ya kuchonga, mbao ya kichwani ina maua ambayo sijapata kuyaona kwenye kazi yake nyingine yoyote. Mimi nilimshikia. Hakusema cha nani na mimi sikuuliza. Kilipokwisha akakipakia kwenye mkokoteni, akanipa kamba na anwani, akanambia: "Mwambie mwenzio, Jumapili chakula ni baada ya misa, kama siku zote. Na mwali aje." Walikuja. Kuku alichinjwa na Baba. Tangu siku hiyo wale wawili hawakukosa Jumapili hata moja mpaka Ami anaingia hospitali.

Nikiyaweka haya pamoja, lile neno letu naliona ni dhulma ndogo iliyovaa nguo za sifa. Mwaka 2025 Kwaresima yao iliingia siku chache tu baada ya Ramadhani yetu. Baba akamkuta karakanani midomo imekauka, akafurahi: "Fundi, umefunga na sisi safari hii!" Ami hakunyanyua macho kwenye randa. "Sikufunga na nyinyi, mzee. Nimefunga." Tulicheka sote. Leo naona alikuwa akitwambia jambo, na tulilipita kwa kicheko.

Mazishi yalikuwa Mbweni. Kijana wake yule alibeba sanduku upande wa mbele, kofia ameikunja mfukoni, na hakuna aliyemsemesha. Njiani kijana mmoja wa mtaani, mzuri tu, hana ubaya, akaniuliza kwa nini maiti hasafirishwi kwao. Kwao wapi? Kwao Bara. Nikamwambia kwao ndiko huku tunakokwenda. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa, na miaka hiyohiyo ya 1870 wamisheni wakawapa waliokombolewa makaazi Mbweni. Kanisa la Mtakatifu Yohana la hapo Mbweni lina tarehe ya 1882. Babu wa babu yake Ami alikuwa mmoja wa waliowekwa pale, ametolewa ndani ya jahazi, hajui tena njia ya kwao. Sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya 1967, basi Wakristo wa Unguja ni wangapi kila mtu anasema lake, lakini kwamba wapo wasio na kwao kwingine, hilo kaburi lile linalijua. Yule kijana akasema, "Ala! Kumbe." Basi.

Usiku tuliporudi nilimwekea Baba chai, nikamwambia kwa adabu kwamba neno lake la pale kanisani limenichoma, na nikamweleza kwa nini, kama nilivyoeleza hapa ila kwa ufupi. Baba alikaa muda mrefu anachezea tasbihi.

"Wewe unadhani sikupata kumwambia mwenyewe?" akasema. "Nilimwambia, zamani, wewe hujazaliwa. Tunakunywa kahawa palepale barazani. Nikamwambia, fundi, wewe ni Muislamu, kasoro kusilimu."

"Akasemaje?"

"Akaweka kikombe chini. Akanambia, na wewe sheikh ni Mkristo, kasoro ubatizo."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini! Nilihamaki. Siku tatu sikumsalimia."

Nikamuuliza, sasa leo mbona amelisema tena, tena mbele ya watu.

"Nilikuwa nangoja anijibu," Baba akasema, akanisukumia kikombe nimwongeze chai.