Marehemu Alikuwa Ananidai

Niseme ukweli mapema: marehemu alikuwa ananidai shilingi 40,000, akaondoka kabla sijalipa. Ndiyo maana usiku ule wa matanga, huko Muheza, nililia kuwazidi wafiwa wenyewe.

Saa tisa usiku usingizi ukanishinda. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia nimeupitisha nyuma ya egemeo ukaning'inia, ukingo umenikaa katikati ya bega na kiwiko. Nikalala fofofo hadi saa kumi na mbili.

Asubuhi mzee mmoja akanipa mkono. Wangu ukaenda, ila kiganja kikaning'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nikakiamuru kiinuke. Wapi! Mzee akakishika, akakitazama, akakirudisha taratibu kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. Kikombe cha chai nacho kikaniponyoka, chai yote kwenye kanzu ya shehe.

"Kiharusi hicho!" wakasema. Shangazi yangu akanivuta pembeni.

"Mwanangu, marehemu alikuwa anakudai?"

Nikanyamaza.

"Basi kakushika mkono."

Daktari akaniambia nitabasamu, ninyanyue mikono yote miwili, nitaje jina langu. Nikatabasamu kama bwana harusi, jina nikataja mpaka la babu. Mdomo haukwenda upande, ulimi haukukwama. Akanigusa kwa pamba mgongoni mwa kiganja, pale kati ya gumba na kidole cha shahada: ganzi tupu. Ndani ya kiganja nilihisi vizuri tu.

"Jana ulilala wapi?"

"Kwenye kiti, msibani."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kuna mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, na ndio unaoinua kiganja na kunyoosha vidole. Kiti kilikuwa kimeubana saa tatu nzima. Si kiharusi, akasema, wala si marehemu. Akanifunga kibao cha kushikilia kiganja, akanipa mazoezi na wiki kadhaa za subira.

Nikamwelewa kabisa. Ila nikitoka pale nilipitia kwa mjane, nikampa pesa kwa mkono wa kushoto, huku namwomba radhi kwa huo ukosefu wa adabu.

Wiki ya tano kiganja kikainuka, vidole vikafuata. Gumba peke yake likawa bado limelala. Shangazi akalitazama sana.

"Ulilipa zote?"

Nilikuwa nimelipa 35,000.