Droni haioni jamvi la karafuu

Mpwa wangu anayeishi Wete, Pemba, alinitumia filamu yake kwa simu. Ya dakika nane tu. Bibi yake amekaa mkekani anachambua karafuu. Mkono mmoja umeshika kichala, wa pili unatenga karafuu na makonyo, na macho hayapo kabisa kwenye kazi, anazungumza na jirani ambaye sisi hatumuoni. Vidole vimeshaizoea njia. Mara wingu linafunga. Bibi anainua uso, anapiga ukelele: "Mvua yaja, anueni!" Miguu ya watoto inakatiza mbele ya kamera, majamvi yanakunjwa, halafu picha inalala ubavu, kwa sababu mpiga picha mwenyewe kaitupa simu kaenda kuanua. Kwa dakika nzima tunaona kona ya bati na kuisikia mvua.

Ile dakika ya bati ndiyo iliyonitoa machozi. Karafuu ikirowa inaharibika rangi, inashuka daraja, na ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, hununua kwa daraja. Mtoto aliyekulia nyumba hiyo hawezi kusimama anapiga picha huku ada ya shule inarowa. Mgeni angeendelea kupiga.

Sasa kuna mtu mwenye uzoefu wa matangazo kamshauri mambo mawili: aanze na picha ya droni ya ufukwe, na sauti ya bibi irekodiwe upya kwa Kiswahili sanifu ili watu wa Bara waelewe. Nimemwambia mpwa wangu asikubali hata moja, na nawaambia vijana wote wa Unguja na Pemba wanaoshika kamera.

Visiwa hivi vimeshapigwa picha kutoka juu vya kutosha. Maji ya buluu, ngalawa moja, mapaa ya Mji Mkongwe: picha hizo zinauza vyumba vya hoteli, na ziendelee kuuza. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, ulipoporomoka, jumba lililosimama tangu 1883, watu wawili wakafa. Nilikaa usiku ule natafuta picha zake mtandaoni. Za nje zipo hata huzimalizi. Nilichokuwa nakitaka ni ule mlio wa nyayo kwenye ngazi zake, tulipopelekwa na mwalimu, tukaambiwa tusikimbie tukakimbia. Sikuupata popote. Filamu fupi ya mtoto mmoja aliyekimbia pale ingekuwa nao.

Na hilo la lugha linaniuma zaidi. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na Kipemba ni ndugu yake wa damu. Leo tunamuonea haya nduguye? "Mvua yaja" inaeleweka Mombasa, inaeleweka Tanga. Asiyeelewa aandikiwe chini ya picha, kama tunavyoandikiwa sisi za Kihindi. Ukiitoa sauti ya bibi umebaki na mwanamke yeyote na karafuu zozote.

ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, imekuwa ikionyesha filamu Ngome Kongwe, Unguja, tangu 1998, hadharani chini ya nyota, na naipenda kwa hilo. Natamani filamu ya mpwa wangu ifike pale. Ila bibi hatopanda boti, miguu haimruhusu, na waliomo ndani ya filamu ndio wa kwanza kustahiki kuiona. Mama yangu alikuwa akivaa nguo mpya ya Idi kwenda sinema ya Majestic mjini Unguja, au Empire pale Darajani. Pemba sasa tunahitaji shuka jeupe, projekta ya kuazima na spika za harusini.

Basi tulifanya hivyo. Nilishuka Mkoani asubuhi, nikapanda daladala hadi Wete, na baada ya Isha tukafunga shuka baina ya minazi miwili. Bibi aliwekewa kiti mbele akakikataa, akakaa chini na wenzake. Filamu ikaenda kimya kimya mpaka pale wingu linapofunga. Bibi wa kwenye shuka alikuwa bado hajainua uso, wanawake wa mkekani walikwisha kuiona mvua, wakapiga ukelele wote kwa pamoja:

"Anueni!"