Sikumkimbia mama mkwe, ni springi

Naona ile video imeshafika hadi kwa wajomba zangu Tanga, na yule rafiki yangu aliyeirekodi kaiandikia "Mkwe kamshusha mama mkwe, kakanyaga mafuta". Sawa. Sasa msikilizeni na aliyekuwa kwenye usukani.

Kwanza, sikukata springi. Mnaosema nimezipiga grainda mkome. Ni springi za kushusha gari, zimetengenezwa hivyo, zinashusha milimita 40, nilizipata Gerezani zikiwa kwenye boksi lake. Fundi aliniambia mapema: "Bosi, hizi zinataka na shokapu zake. Hizo zako za kiwandani ni za springi ndefu. Ukishusha hivi, fimbo ya shokapu inakaa karibu na ile raba ya mwisho. Ukipakia watu haina pa kwenda." Nikapiga hesabu ya shokapu nne, nikamjibu kwamba mimi natembeaga peke yangu. Na kweli, nikiwa peke yangu Toyota Mark X yangu ilikaa kama imechorwa. Mnaoijua GRX120, Mark X ile ya kwanza, mnanielewa.

Jumamosi nikaambiwa niwapeleke akina mama kwenye sendofu. Mama mkwe mbele, kapakata hotipoti la pilau. Nyuma mama wadogo watatu, watu wazima wenye miili yao, Mungu awabariki. Kwenye buti kreti za soda. Nikazunguka kuliangalia gari: tairi la nyuma limezama kwenye madigadi, linaonekana nusu. Nikasema twende.

Tuta lenyewe liko Segerea, wananchi wamelimwaga wenyewe, zege tupu, vipimo hakuna. Wenye magari ya chini mnajua, tuta linaingiwa mshazari, gurudumu mojamoja. La mbele kulia likapanda, likashuka. La kushoto likapanda, likashuka. Nikaanza kujisifu moyoni. Halafu tumbo. Krrrrrr. Sauti ya polepole, unaisikia kwenye meno. Gari likakaa. Nikakanyaga, tairi za nyuma zikazunguka palepale kwenye vumbi, harufu ya raba ikajaa ndani, mama mdogo mmoja akauliza kama pilau linaungua.

Bodaboda wa kijiweni wakasogea. Hawa watu hawakosagi. "Braza, punguza mzigo!"

Mzigo! Mbele ya mkwe!

Mama mdogo wa kwanza akashuka, gari likanyanyuka kidogo. Umati: "Eeeh!" Wa pili akashuka, likanyanyuka tena. Wa tatu. Nikajaribu, wapi. Kijana mmoja akapiga magoti, akachungulia uvunguni, akatangaza kwa sauti ya dalali: "Bado mmoja!"

(Wewe wa Mbeya unayenitumia vikatuni vya kucheka, nimekuona.)

Mama mkwe akanigeukia taratibu. "Baba, na mimi nishuke?"

"Hapana mama, wewe kaa, tunatoka sasa hivi." Nikakanyaga zaidi. Kwani wewe ungemwambia ashuke? Haya.

"Ngoja tu nishuke, mwanangu." Akafungua mlango. Akatoa mguu mmoja. Akaliweka hotipoti sawa kwapani, sijui aliwezaje. Akatoa mguu wa pili, akajikaza, akasimama. Na mimi wakati wote huo mguu uko kwenye mafuta.

Gari likachomoka. Mlango wazi unabamiza, bodaboda wanaruka pembeni, na kwenye kioo namwona mama mkwe kasimama juu ya tuta, kitenge kipya cha sherehe, hotipoti kwapani, vumbi limemfunika hadi kilemba, ananitazama ninavyoondoka. Nilisimama! Nilisimama pale kwa Mangi, ila video imekatwa kabla. Waliopiga makofi nao wamesikika vizuri tu, hao hawakukatwa.

Yaliyobaki ni mafupi. Wakapanda bajaji. Pilau likafika. Kipande cha bomba la egzosi kilibaki Segerea. Mke wangu ananisemesha kupitia mtoto. Jana nimefunga springi za milimita 25 pamoja na shokapu zake zote nne, alaimenti juu, na hela iliyotoka siitaji hapa maana shemeji zangu wanasoma. Nimeenda kuomba radhi, mama kapokea, ila aliponisindikiza nje aliinama kidogo akaangalia chini ya gari.

Zile za 40 zipo kwenye boksi lake, bei maelewano. Uje na shokapu zako.