Nunua Maji Kwanza, Ekari Baadaye

Katika mikusanyiko ya jamaa zetu wanaoishi Saskatoon, Regina, Calgary au Winnipeg, miji ya nyanda za magharibi mwa Kanada, mazungumzo kuhusu kununua shamba hayakosi, na karibu kila mara huanza na bei: ekari moja inauzwa dola ngapi, na robo nzima, yaani ekari 160, itamgharimu mtu kiasi gani. Sishangai. Wengi wetu tumelelewa katika jamii ambazo mtu asiye na shamba alihesabiwa kuwa bado hajajenga maisha yake, na anayetoka Kisii au Moshi, ambako ndugu hugawana kipande kisichofika ekari moja, hawezi kuitazama tambarare ya Saskatchewan bila moyo kumdunda. Lakini naamini kwa dhati kwamba swali la bei linaulizwa mapema mno. Mgeni anayetaka kulima na kufuga katika nyanda hizi anunue robo moja yenye maji mazuri na mahali pa kuishi, na ardhi nyingine yote aikodi, hata kama itambidi akodi kwa miaka mingi.

Kipimo chenyewe hakina utata. Tangu mwaka 1871 serikali ya Kanada iliipima ardhi ya magharibi kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mraba ukiwa na ekari 640, na robo ya mraba huo, yaani ekari 160, ndiyo inayouzwa na kununuliwa hadi leo. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi robo moja kwa ada ya dola 10, mradi aishi hapo na kuilima kwa miaka 3. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Mikataba na mataifa ya wenyeji, kama vile Mkataba wa 4 wa mwaka 1874, wa 6 wa mwaka 1876 na wa 7 wa mwaka 1877, ndiyo iliyotumiwa kuwaondoa Wacree, Wablackfoot na wengineo katika malisho yao, na madai yaliyotokana na ahadi zisizotimizwa bado yanalipwa. Anayenunua robo leo anapaswa kuijua historia hiyo kabla hajaweka saini, kwa kuwa ataishi jirani na watu wanaoikumbuka vizuri.

Sheria za sasa zinahitaji kusomwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Raia na mkaazi wa kudumu hana kikomo, lakini mtu wa nje asiye na hadhi hiyo hawezi kumiliki zaidi ya ekari 10 za shamba katika Saskatchewan, ekari 20 katika Alberta au ekari 40 katika Manitoba bila ruhusa maalumu. Saskatchewan imekwenda mbali zaidi: fedha za kununulia shamba zikikopwa, lazima zitoke katika taasisi ya fedha iliyosajiliwa kufanya kazi Kanada au kwa mkaazi wa Kanada, na bodi inayosimamia ardhi ya kilimo inaweza kumtaka mnunuzi atoe tamko la kiapo kuhusu umiliki na fedha hizo. Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mazoea yetu ya kuchangishana na ndugu walioko Nairobi, Dar es Salaam au Dubai, kila mmoja akitia mkono wake kwa makubaliano ya mdomo, yanaweza kumletea mwenye hati matatizo makubwa hata kama nia ya wote ilikuwa safi.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Tuchukulie robo ya udongo wa wastani inauzwa dola 3,000 kwa ekari, yaani dola 480,000. Benki inataka malipo ya awali ya asilimia 25, ambayo ni dola 120,000, na zinazobaki 360,000 zinakopwa kwa riba ya asilimia 6. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni dola 21,600, sawa na dola 135 kwa kila ekari, kabla hujalipa hata senti moja ya deni lenyewe. Ekari hiyo ikikupa busheli 40 za ngano, ambazo ni takriban tani moja, ukaziuza dola 7 na nusu kila moja, umepata dola 300. Mbegu, mbolea, dawa na mafuta ya trekta vinaweza kumeza dola 200 bila shida. Umebakiwa na 100 za kulipia riba ya 135, na mashine hujazigusa. Ekari hiyohiyo ukiikodi kwa dola 70, hutajiriki, lakini hulali ukiwa na deni.

Mtu atauliza: kama hesabu iko hivyo, mbona ardhi inanunuliwa kila siku? Jibu ni kwamba bei haipangwi na mnunuzi wa robo yake ya kwanza. Inapangwa na jirani mwenye maelfu ya ekari alizomaliza kuzilipia zamani, ambaye akiongeza robo moja haongezi trekta wala kombaini, bali anazigawia ekari nyingi zaidi gharama alizokwisha kuzibeba. Yeye anaweza kulipa bei ambayo robo yenyewe haiwezi kuirudisha kwa miaka mingi. Mgeni anayeshindana naye mnadani anashindana na hesabu ya mtu mwingine.

Wanaonipinga hunionyesha takwimu za Farm Credit Canada, shirika la serikali la mikopo ya kilimo, na takwimu hizo ni za kweli: wastani wa thamani ya mashamba nchini ulipanda kwa asilimia 12.8 mwaka 2022, 11.5 mwaka 2023 na 9.3 mwaka 2024. Wanasema atakayesubiri atakuta mlango umefungwa. Naielewa hofu yao. Hata hivyo wazee wa nyanda hizi wanaukumbuka mwaka 1981, riba ya benki kuu ilipopita asilimia 20, na muongo uliofuata ambamo thamani ya ardhi ilishuka huku madeni yakibaki palepale na familia nyingi zikinyang'anywa mashamba. Na hatuhitaji kurudi mbali hivyo: kati ya Machi 2022 na Julai 2023 riba ya benki kuu ilipanda kutoka asilimia 0.25 hadi 5. Kupanda kwa thamani hakulipi ankara ya mbolea mwezi wa Mei. Anayefaidi ni yule anayeuza, na mkulima hakununua ili auze.

Kwa hiyo robo ile moja utakayoinunua iwe ya namna gani? Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopita haraka.

Maji ndiyo ya kwanza. Msafara wa John Palliser, uliozunguka nyanda hizi kuanzia 1857 hadi 1860, ulitoa taarifa kuwa pembetatu kubwa ya kusini, katika eneo ambalo sasa ni Saskatchewan na Alberta, ni kavu mno kwa kilimo. Walowezi walikwenda huko hata hivyo, na miaka ya 1930 vumbi liliwahamisha kwa maelfu. Ukame wa 2021 uliwalazimisha wafugaji kuuza hata majike ya kuzalisha kwa kukosa nyasi na maji. Katika sehemu hizo ng'ombe hutegemea malambo yaliyochimbwa na kujazwa na theluji inayoyeyuka, na lambo lililojaa machoni linaweza kuwa halifai kabisa. Jua linapokausha maji, chumvi inabaki na kuzidi kukolea. Mwongozo wa Kanada unataka salfeti isizidi miligramu 1,000 kwa lita katika maji ya mifugo. Ikizidi sana ng'ombe huharibikiwa na ubongo, huyumba, hupofuka na kufa. Mwezi wa Julai 2017 ng'ombe wapatao 200 walikufa katika malisho ya kusini mwa Saskatchewan karibu na Shamrock, na uchunguzi ulionyesha kiu pamoja na maji yaliyojaa chumvi hizo. Waliokufa hawakuwa mali ya watu wageni katika kazi hiyo. Ng'ombe mwenye ndama anaweza kunywa lita 60 na zaidi siku ya joto, na hakuna mahali pengine pa kumpeleka kwa siku moja.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba sampuli ya maji ipelekwe maabara mwishoni mwa Agosti, maji yakiwa yamepungua, kuliko mwezi wa Mei ambapo kila lambo linapendeza. Kisima nacho kipimwe, na muuzaji aulizwe kilitoa maji kiasi gani mwaka 2021.

Udongo unafuata, na nao unajisema wenyewe ukiutembelea kwa miguu. Kusini-magharibi mwa Saskatchewan ni wa kahawia, mwembamba. Ukienda kaskazini unakuwa kahawia iliyoiva, kisha mweusi katika ukanda wa miti michache, kisha kijivu unapoingia msituni. Chukua koleo uchimbe. Mahali pazuri utakuta tabaka jeusi linaloingia hadi kiasi cha kiganja kizima kabla ya rangi kufifia. Juu ya kilima kilicholimwa tangu enzi za babu wa muuzaji utakuta tabaka hilo limeondoka na udongo mweupe wa chini umetokeza juu. Kando ya vidimbwi tazama ardhi ilipokauka. Ukiona ukoko mweupe kama chokaa, na pembeni yake majani yenye mashuke laini yanayong'aa kwa rangi ya fedha na zambarau, hiyo ni shayiri-mwitu, nayo hustawi palipo na chumvi ambayo ngano haiwezi kuivumilia. Nimetembea katika robo iliyotangazwa kuwa na ekari 150 za kulimwa, nami kwa jicho langu nikaona kuwa sehemu kubwa ya upande wa mashariki haijawahi kuotesha kitu cha maana. Hati haikuonyesha jambo hilo.

Watu weusi walilijua hili mapema. Familia zilizotoka Oklahoma, Marekani, karibu na mwaka 1910 zilianzisha kijiji cha Amber Valley kaskazini mwa Edmonton, na Agosti 1911 baraza la mawaziri la Waziri Mkuu Wilfrid Laurier lilipitisha amri ya kuwazuia weusi kuhamia Kanada kwa mwaka mmoja kwa kisingizio kwamba hawawezi hali ya hewa, amri iliyofutwa Oktoba mwaka huohuo bila kutekelezwa. Hali ya hewa waliiweza. Kilichowachosha ni misitu na vinamasi walivyolazimika kuvisafisha kwa shoka kabla ya kupanda chochote, na watoto wao wengi baadaye walihamia mijini. Nawaheshimu sana watu wale, na ni kwa ajili ya heshima hiyo nisingependa mtu wetu yeyote leo apokee udongo mbaya kwa sababu tu ndio uliobaki wa bei nafuu.

Kwa anayetaka ranchi, kuna hesabu mbili za kufanya. Katika malisho ya asili ya ukanda mkavu, ng'ombe mmoja na ndama wake wanahitaji ekari 20 hadi 30 kwa msimu mmoja wa kiangazi, hivyo robo nzima inaweza kulisha ng'ombe 5 hadi 8 tu. Halafu kuna majira ya baridi. Kwa kilo 13 au 14 za nyasi kavu kwa siku, kwa siku 200, ng'ombe mmoja anakula takriban tani 2.7, ambazo ni marobota makubwa 5 ya mviringo. Ng'ombe 50 ni marobota 250, na katika mwaka wa ukame bei yake inaweza kupanda maradufu. Mfugaji asiye na mahali pa kukata nyasi zake mwenyewe amenunua malisho ya nusu mwaka.

Matangazo ya ranchi pia hujumlisha ardhi yenye hati na ardhi ya serikali iliyokodishwa kwa malisho, na ekari elfu kadhaa zinazotajwa zinaweza kuwa na hati kwa sehemu ndogo tu. Ukodishaji huo hauhami kwa mnunuzi bila idhini ya serikali ya jimbo. Visima vya mafuta navyo vinahitaji tahadhari. Madini yaliyo chini kwa kawaida si mali ya mwenye shamba, na kodi ambayo kampuni humlipa kila mwaka kwa kutumia uso wa ardhi yake inaweza kukoma kampuni inapofilisika, huku kisima kikibaki shambani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua katika kesi ya Redwater, kampuni ya mafuta iliyofilisika, kwamba gharama za kufunga visima hutangulia kabla ya wadai wengine kulipwa, lakini Alberta bado ina visima vingi visivyo na mwenyewe. Asiyependa kurithi kisima atafute rekodi zake kabla ya kulipa amana.

Kukodi kuna taabu zake pia. Wenye ardhi wengi ni wazee au warithi wanaoishi mjini, na huwapa jirani waliyemzoea. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni kuanza kwa kufanya kazi kwa mkulima anayekaribia kustaafu, kupanda na kuvuna naye misimu kadhaa, kisha kuomba robo mbili au tatu kwa mkataba wa maandishi usiopungua miaka 3, kwa sababu mbolea unayoweka leo haiishi faida yake mwaka mmoja. Mkataba utaje nani analipa kodi ya halmashauri, nani anatengeneza seng'enge, na kama malipo ni fedha taslimu au theluthi ya mazao. Mgao wa mazao humfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa mwaka mbaya hubebwa na wote wawili. Utaje pia mpangilio wa mazao. Ugonjwa wa uvimbe wa mizizi ya kanola (zao la mbegu za mafuta), uliogunduliwa karibu na Edmonton mwaka 2003, unaweza kubaki ardhini hadi miaka 20, na mwenye shamba atataka kujua kwamba hutapanda kanola mwaka baada ya mwaka, na kwamba utaosha matope ya trekta kabla ya kuingia kwake.