Majestic isigeuzwe hoteli

Juzi barazani nimemsikia mtu mzima, mzaliwa wa Mkunazini, akisema lile gofu la senema ya Majestic pale Vuga, Mji Mkongwe wa Unguja, lingevunjwa tu, pajengwe hoteli, angalau vijana wapate kazi. Nilimjibu pale pale, na sauti ilinipanda. Lakini jibu lenyewe ni refu, na watu walikuwa wanasubiri adhana.

Pahala pale palianza na senema ya Royal, miaka ya ishirini, jengo alilolichora J. H. Sinclair, yule yule aliyetuachia Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani. Royal ikaungua, na mwaka 1955 ikafunguliwa Majestic, kazi ya mchoraji Dayalji Pitamber Sachania. Ukisimama mbele yake leo bado unauona mkono wake, ukuta uliopinda taratibu na mistari iliyonyooka, mambo ya kisasa kabisa kwa wakati ule. Nyuma ya ukuta huo, paa la ukumbi limeshaanguka.

Anayesema hilo ni gofu tu hajakaa na wanawake wa mji huu akawasikiliza. Mama yangu mdogo amelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto wa kike akishavunja ungo, mlango wa mbele anausikia tu ukifunguliwa. Harusi, maulidi, kumzuru mgonjwa, basi. Lakini senema alikwenda, kwa sababu ilikuwepo shoo ya wanawake peke yao, na baba yake hakuwa na la kusema. Wanatoka kundi zima, mashoga na mawifi, mabuibui yamefukizwa udi, asumini kichwani, njugu zimefungwa kwenye pembe ya leso. Taa zikizimwa mabuibui yanateremshwa mabegani. Picha ya Kihindi inaanza, na wanalia kwa sauti, kwa sababu hapana mwanamme wa kuwaona. Ananihadithia mpaka leo namna walivyokuwa wakirudi nyumbani wanaimba maneno ya Kihindi wasiyoyajua maana yake, na baada ya muda sauti zile zile wakazisikia kwenye taarabu, zimetiwa Kiswahili.

Niambie wewe, leo mwanamke wa Mji Mkongwe au wa Ng'ambo anakwenda wapi jioni na wenziwe, akakaa, akastarehe, asitazamwe? Forodhani ni njiani. Mikahawa ya ghorofani ina bei ya mgeni. Ukumbi ule ulikuwa wao kwa saa tatu, wamelipia tiketi, wamekaa viti vizuri katikati ya mji. Ndiyo maana neno "livunjwe" lilinichoma.

Na Sikukuu je? Mnazi Mmoja iko hatua chache. Watoto na nguo zao mpya wanatoka kwenye viwanja, wakubwa wanagombania tiketi, walanguzi wamejaa mlangoni. Muhindi, Mngazija, Mshihiri, Mmanyema, wote safu moja, macho mbele. Sisemi kwamba tulikuwa ndugu siku zote. Historia ya kisiwa hiki tunaijua. Lakini humo ndani tulicheka pamoja, na hilo si dogo.

Kilichoiua senema kinajulikana. Majumba yalitaifishwa baada ya Mapinduzi na matengenezo yakapungua. Mwaka 1973 tukapata televisheni ya rangi, kabla ya wenzetu wa Bara, kisha zikaja kaseti za vidio na watu wakakaa majumbani. Sultana, iliyoitwa baadaye Cine Afrique, na Empire nazo hazionyeshi tena picha. Hayo yamepita, na mimi silaumu mtu kwa kununua vidio.

Lakini jengo halianguki kwa sababu ya vidio. Linaanguka kwa sababu bomba limeziba, maji ya masika yamesimama juu, chumvi imekula chuma, na hakuna aliyepanda kutazama. Tulishaonywa Disemba 2020, sehemu ya jumba kongwe la Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wakafa. Huu ni mji ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na bado tunangoja ukuta uje chini ndipo tukimbie.

Hoteli inaleta kazi, sikatai. Lakini hoteli tunazo kila uchochoro, na nyumba za wenyeji zinazidi kupungua. Mji usio na pahala pa mwenyeji kukaa jioni utabaki na nani?

Ninachokitaka nakisema wazi. Paa lirudi, ukuta wa mbele usiguswe. Tiketi iwe ya bei ambayo mwalimu wa skuli na mchuuzi wa Darajani wanaimudu. Tamasha la filamu la ZIFF, ambalo tumelizoea Ngome Kongwe, liwe na ukumbi wa kudumu, na vijana wetu wanaotengeneza filamu waonyeshe humo mwaka mzima. Na alasiri moja kila wiki wanaume wakae nje. Mama mdogo bado ana nguvu za kutembea mpaka Vuga.