Ndoo Mbili za Leba

Ukiwa mwanafunzi wa ukunga, kila unachoandika kwenye faili kinasubiri saini ya mwenye leseni. Ukitaka kuruka hatua, mwalimu anakohoa tu, unakumbuka. Ukishapata leseni yako kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, wa kukohoa hayupo.

Usiku ule, katika kituo kimoja huku Temeke, mambo yalianza kama kitabuni. Mtoto katoka, analia vizuri. Nikapapasa tumbo nisije nikakuta pacha kajificha, nikamchoma mama oksitosini, dawa ya kukaza mji wa uzazi, yuniti 10 pajani kabla dakika haijaisha, kitovu nikakibana baada ya dakika kama mbili. Kondo likavutwa taratibu, mkono mwingine ukizuia mji wa uzazi usifuate. Nikaliweka kwenye kindoo cheupe chenye mfuniko, nikageukia tumbo kulikanda mpaka mji wa uzazi ukakaza.

Ikabaki kukagua kondo. Kipande kikisalia ndani, mji wa uzazi haujikazi sawasawa, mishipa inabaki wazi, mama anatoka damu. Ikifika mililita 500, hapo tena ni mbio. Nikafungua mfuniko.

Uji. Uji wa pilipili manga, wa nazi, unafuka mvuke.

Kumbe bibi wa mzazi alikuja nao kutoka Mbagala kwenye kindoo pacha wa kile chetu. Mhudumu aliupokea mlangoni akausukumia chini ya toroli, na bibi alipoambiwa akasubiri wodini, akamrudishia "ndoo yake".

Mzazi haachwi peke yake saa zile, kwa hiyo nikamkabidhi mwenzangu mama na mtoto, nikatoka mbio na glavu mpya mkononi. Wodini nikamkuta bibi keshapanga vikombe vya wazazi wote wa upande ule, upawa tayari, mkono juu ya mfuniko. Hapa pana jambo ambalo halimo kwenye mtaala: bibi wa watu humpigii kelele kabla hujamwamkia.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mtoto kafanana na nani?"

"Sijambo bibi, usifungue!"

"Nisifungue uji wangu mwenyewe?"

Akafungua.

Kelele zile sizisimulii. Itoshe kusema mlinzi wa getini alifika na rungu.

Nikarudi na kindoo changu. Nikalitandaza kondo, upande ulioshikana na mji wa uzazi ukiwa juu: vipande vyote vimekutana, hakuna pengo. Nikalining'iniza kwa kitovu, utando ukashuka mzima, na tundu moja tu alilopitia mtoto. Mishipa ya kitovu mitatu. Mzani ukasoma gramu 520. Nikaandika "kamili", nikasaini, halafu nikageuka kumtafuta wa kusaini chini yangu. Mwenzangu alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Uji tuliumwaga, chakula kilicholala chini ya toroli la leba hakinywewi hata kama kilifunikwa. Ndoo ya bibi tukailoweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, tukaisuuza. Asubuhi akaja kuidai.

"Nazi mbili zile, mwanangu," akasema. Akainusa ndoo, akakunja uso. "Haya. Sasa hii itakuwa ya kufulia."