Laana ya ukoo ina chanzo

Mwandishi wa kike wa Kiarabu anayeishi Marekani akiandika kuhusu mume mkali au mama aliyekata tamaa, lawama haichelewi: unatuanika mbele ya wanaotuchukia. Lawama hiyo naielewa. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 Waarabu wa huko wameishi wakitiliwa shaka, na wapo wanaofurahia kila habari mbaya itokayo nyumbani mwao. Lakini nimeimaliza Evil Eye, yaani jicho la husuda, riwaya ya Etaf Rum iliyotoka 2023, na naamini kimya kimewaumiza wanawake hawa kuliko ulimi wa mbaguzi yeyote.

Yara ni binti wa Kipalestina aliyekulia Brooklyn, kama Rum mwenyewe. Ana shahada, kazi chuoni, mume mfanyabiashara na mabinti wawili, na mume akirudi jioni anakuta chakula tayari. Mama yake hakupata hata nusu ya hayo. Ila Yara hana raha, na hana pa kulisema hilo, maana asiyelala njaa huambiwa ashukuru. Anapomjibu kwa hasira mfanyakazi mwenzake aliyemtolea maneno ya kibaguzi, chuo kinamweka chini ya uangalizi na kumtaka aende kwa mshauri nasaha. Mama yake anajua sababu: laana ya ukoo.

Hapo ndipo riwaya iliponishika, kwa kuwa sisi wa pwani tunaishi na mawazo hayo hayo. Mtoto akilia usiku kucha, biashara ikidorora, mke akijifungia chumbani siku nzima, tunasema jicho, tunasema husuda, hirizi inatafutwa. Rum haikejeli imani hiyo, na nampongeza kwa hilo. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuulizwa ana nini, laana humpa ruhusa ya kukiri kwamba kuna jambo limeharibika, bila kumtaja baba wala mume. Tatizo ni kwamba asipotajwa mtu, hakuna anayewajibika.

Na yapo ya kutajwa. Mwaka 1948, katika vita vya kuundwa kwa Israeli, Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao, na wengi wakaishia kulea watoto kambini. Watoto wa kambi wakawa wazazi. Binti aliyeozwa akiwa mdogo, akapelekwa ng'ambo asikojua lugha, akazaa bila mama wala shangazi wa kumlea arobaini, uchungu wake atautua wapi? Mara nyingi huutua kwa bintiye.

Yara hawapigi wanawe, lakini huzuni yake wanaiona, na kwangu huo ndio uzito wa kitabu hiki. Hata mumewe Fadi hakuchorwa kama katili. Yara anatamani kusafiri na wanafunzi kwenda Ulaya, safari inazimwa, na maisha yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanamke wa namna hiyo akisema anaumwa, nani atamwamini?

Sitara naiheshimu, dini yetu inaifundisha. Lakini aliyeumizwa ndiye anayestahili kusitiriwa kwanza.

Natamani riwaya kama hii iandikwe kwa Kiswahili, kuhusu nyumba za Muscat, Oman, ambamo mabibi waliohama Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 bado wanazungumza Kiswahili na wajukuu wao. Aiandike mmoja wa wajukuu hao, na aanze kwa kumuuliza bibi yake aliondokaje.